Kwa Nini Nageuza Uso Nikikaza Uzi

Rukia mwanangu,

Asalaam aleykum. Adabu ya barua inataka nikujulie hali kwanza, kisha nikueleze yangu, lakini sisi tunalala nyumba moja na asubuhi umenipita uani nikipiga mswaki, kwa hiyo hali zetu tunazijua. Yako ni ya haraka, yangu ni ya wasiwasi. Kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo siku tisa mfululizo. Kila nikifungua mdomo linatoka neno jingine: umekula, umeshaweka chaja, pikipiki ya nani ile. Basi lako la Tanga ni kesho alfajiri. Nimechana karatasi kwenye daftari la karakana, usishangae ukiona alama ya vidole vya grisi.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe uko Mtunda kwa bibi yako ukiaga. Mama yako yuko jikoni anakukaangia visheti vya safari, na hii ni mara ya tatu anauliza kupitia dirishani ninafanya nini chumbani kwako nimejifungia. Nimemwambia nafunga nyuzi. Ni kweli, ila si kweli yote, na utaona kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoizoea.

Gitaa lako la besi liko kitandani, nimelitandikia kanga. Uzi mnene nimeshaufunga, na unaofuata, na ule mwembamba kabisa wa chini. Umebaki mmoja, wa pili kutoka chini. Nimeuruka makusudi. Nimeuweka mezani hapa karibu na karatasi, umejikunja kwenye pakiti yake, na ninaandika huku nikiuangalia.

Nyuzi zenyewe unazijua zilikotoka. Baba mdogo wako Athumani, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye aliyezituma kwa basi. Kundi lake la taarabu linatafuta mpiga besi, na kiongozi wao ana sharti: hataki besi inayolia kama bati. Anataka ile ya zamani, nzito, inayokaa chini ya waimbaji bila kuwasukuma. Kwa hiyo lazima gitaa livae nyuzi bapa. Ulipozigusa mara ya kwanza ulikunja uso. Wewe umejifunzia kwenye nyuzi za kawaida, zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo ukipitisha kucha zinakwaruza. Hizi zimezungushiwa utepe wa chuma uliolazwa, kidole kinateleza tu. Ukasema zinasikika kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa na jibu, na nakupa sasa: zile za kukwaruza zina kelele zake zenyewe, na kelele hiyo inamsitiri mpigaji. Hizi hazikusitiri. Utasikika wewe na kidole chako. Mwezi wa kwanza utazichukia.

Athumani alikuwa ametuma picha za pakiti mbili kwenye simu, nyuzi nene na nyuzi nyembamba, akaniuliza tuchukue zipi. Nene zina sauti ya kushiba zaidi, lakini zinavuta shingo ya gitaa kwa nguvu, na gitaa lako ni la mkono wa tatu au wa nne, shingo yake imeshaanza kupinda. Nikasema nyembamba. Halafu nikapima urefu, kutoka darajani, pale chini nyuzi zinaposhikwa, hadi kwenye kile kizingiti cha mfupa kule juu, maana uzi bapa una tabia yake: sehemu nene isizungushwe kwenye kigingi cha kukazia. Inatakiwa iishie hapo karibu na kizingiti, na kinachozungushwa kiwe ule mwisho mwembamba uliovishwa nyuzi za rangi. Nilipima mara tatu. Ukaniuliza, "Baba, unapima gitaa au unapima sanda?" Ulisema kwa mzaha, lakini hukucheka, nami sikucheka.

Tangu mwaka jana hatujacheka pamoja vizuri, mimi na wewe. Nalijua hilo.

Mwaka jana, mchana, nilirudi nyumbani kuchukua spana, nikakukuta umekaa mlangoni na gitaa ulilopewa na rafiki yako wa Ikwiriri. Sikujua kama unalo. Mama yako alijua, sikujua mimi. Nililitwaa mikononi mwako. Nikalegeza nyuzi zote nne, mmojammoja, taratibu, mpaka zikaning'inia, kisha nikachukua koleo nikazikata. Ulimwambia mama yako baadaye kwamba ungenielewa kama ningefanya kwa hasira. Kilichokuuma ni ule utaratibu. Ulisema, "Alizilegeza kwanza, Mama, kama mtu anayechinja kwa kisu kikali." Mama yako alinifikishia maneno hayo na nimeyabeba mpaka leo; ulipolivalisha gitaa nyuzi nyingine sikuligusa tena.

Uliponiuliza kwa nini, nilikwambia muziki si kazi ya mtoto wa Kiislamu, tena wa kike. Nikataja na aya, nusu yake nimeisahau. Watu wa karakana wakasifu kwamba mzee kashika dini. Rukia, niliisingizia dini. Mungu anisamehe, na wewe ukiweza. Miaka yote unanijua, naswali, nafunga, na redio ya taarabu inalia karakana kutwa. Ulikuwa na haki ya kuona kuna kitu hapo hakikai sawa.

Sababu yenyewe ilikuwa jinsi ulivyokaa. Ulikuwa umeinama, sikio lako umelibandika kwenye mbao ya gitaa ili usikie bila spika, mkono wa kushoto unakaza uzi wenye kutu, na uso wako uko juu ya uzi huo, karibu shubiri moja tu. Hukufundishwa na mtu kukaa hivyo. Kila mpiga besi asiye na umeme hukaa hivyo. Nimewahi kumwona mtu mmoja amekaa vilevile, na sikutaka kumwona wa pili.

Siku tisa zilizopita Athumani alinipigia. Nilikuwa chini ya pikipiki, nikatoka nikaenda nyuma ya karakana.

"Kaka, nyuzi zimefika?"

"Zimefika."

"Basi mvalishe wewe mwenyewe. Usimpe fundi mwingine."

Nikamwambia sawa.

"Na mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Wee kaka. Mie na wewe tushakuwa wazee. Mtoto anakuja kukaa kwangu, atakula kwangu, kila siku atakuwa ananitazama usoni. Sitaki kumlea kwa uongo, nimechoka nao. Mwambie kabla hajapanda basi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mie siku atakayoshuka, na hapo we utakuwa umeharibu zaidi."

Hakuniambia kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata pa kushikia, ningemjibu. Aliniuliza kama mihogo imepona nguruwe msimu huu, akaaga.

Sasa unajua, kama ukoo mzima unavyojua, kwamba jicho la kushoto la baba mdogo wako lilipigwa na tawi la mkoko tulipokuwa tunapita kwenye mlango mwembamba wa mto, boti ikiwa kwenye kasi. Umeisikia hadithi hiyo tangu hujaota meno. Bibi yako hajaisahau hata siku moja. Unamcheka kwamba hataki boriti ya mkoko ikanyage kiwanja chake, wala kuni za mkoko, na nyumba yake ameijenga kwa miti ya porini ambayo mchwa wanaila kila mwaka, na kila mwaka mimi napanda juu kubadilisha. Wajukuu mnasema bibi ana ugomvi na miti. Mimi nimekuwa nikipanda juu ya ile nyumba na nyundo nikijua kwamba ninachokarabati ni mdomo wangu.

Hapakuwa na tawi. Kilichompiga Athumani ni uzi wa gitaa. Gitaa lilikuwa langu, na uzi niliufunga mimi.

Hebu nikae vizuri nikueleze kama ilivyokuwa.

Mimi na Athumani tulikuwa na kikundi, tukipiga kwenye harusi. Mimi besi, yeye kinanda. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, umri wako. Bibi yako hakutaka kumtoa. Alikubali kwa ajili yangu, alinishika mkono akasema, "Nakukabidhi mwenzio." Nikajibu kwamba nimempokea.

Tuliitwa harusi ya kijiji kimoja cha huko delta, mto unapomwagikia baharini. Kufika ni kwa boti ya mashine, na vyombo vyote tulivifunika kwa turubai, lakini delta ni chumvi tupu, hakuna kinachopona. Wiki moja nyuma uzi wangu wa pili kutoka chini ulikuwa umekatika. Nyuzi za besi wakati ule zilikuwa hazipatikani Kibiti, na Dar unaweza kuzunguka siku nzima urudi na betri za redio. Mimi ni fundi baiskeli. Nikafanya walichokuwa wakifanya mafundi wenzangu wote waliopenda muziki: nikachukua waya wa breki. Una kichwa chake cha madini ya risasi mwishoni, kinakaa darajani utadhani kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Waya wenyewe umesukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Unalia vizuri tu. Nilijisifu nao. Nilimwambia Athumani, "Wazungu wanauza pakiti, mie nafungua baiskeli."

Sisi tulikuwa na mazoea ya kupiga kwa nyuzi wazi, bila kuzibana shingoni. Mwimbaji akitaka kupanda sauti, hatuhamishi vidole, tunakaza nyuzi zote. Siku ile mwimbaji wetu alikuwa na mafua, halafu mafua yakamwachia ghafla baada ya kunywa tangawizi ya mama mmoja, akasema leo anataka juu. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, wali bado uko jikoni, watu wameshakaa kwenye mikeka. Jenereta walikuwa wanalitia mafuta, kwa hiyo spika zimekufa. Athumani alikuwa na masikio ambayo mimi sikujaliwa, sauti alikuwa nayo kichwani. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akabandika sikio kwenye gitaa, akawa anavuma kwa pua ile sauti tunayoitaka, mimi nakaza kumfuata.

Nilipofika kwenye ule waya, nikasikia tik. Nikaangalia pale kwenye kizingiti. Kajiuzi kamoja kati ya zile zilizosukwa kamekatika, kamesimama kama mwiba. Niliona, Rukia. Hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu nikiwahadithia watu kichwani mwangu huwa nasema ilikuwa ajali. Niliona kamekatika, nikakavunja kwa kucha, nikakatupa. Bwana harusi ameshaulizia. Athumani akauliza bila kuinua kichwa, "Kulikoni?" Nikamwambia, "Hamna kitu. Bado kidogo?" Akasema, "Bado kidogo." Nikakaza.

Sikusikia mlio wa kukatika. Nilimsikia yeye. Akaanguka kwa nyuma, viganja vyote viwili usoni, na waya unacheza hewani mbele yangu.

Watu wengi hawakuona. Waliokuwa karibu waliona kijana kaanguka, wakadhani jenereta limewaka na umeme umempiga, wakawa wanagombezana na mtu wa jenereta. Tukampakia kwenye boti, mimi, yeye na mwendeshaji, ambaye alikuwa nyuma na mashine yake, hasikii la mtu. Nilimfunga Athumani kitambaa. Nikakaa namwangalia, na nilichokuwa nakiona si damu. Nilikuwa namwona mama yetu amesimama uani, ananiuliza mwenzio yuko wapi. Tukapita kwenye mlango mwembamba, matawi ya mikoko yakatugusa mabega. Nikamwinamia.

"Tuseme tawi," nikamwambia.

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa kwenye maumivu, mwanangu. Ningemwambia tuseme chui angekubali.

Tulipofika kwa tabibu, alifungua kile kitambaa, akauliza swali moja tu: "Kimempiga nini?"

Athumani aliniangalia kwa jicho lake zima. Alikuwa ananisubiri. Nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba alikuwa ananisubiri, kwamba pale alikuwa amenipa nafasi ya kurudi. Nikajibu mimi: "Tawi. Tawi la mkoko."

Tabibu akamtibu mtu aliyepigwa na tawi. Akamsafisha, akampa dawa ya kupaka, akamfunga, akatuambia turudi. Alifanya kazi yake kwa maneno aliyopewa. Siku ya tano uso ulikuwa umevimba, tukakimbilia Dar. Huko daktari alitoa kipande cha waya, kidogo kuliko punje ya mchele. Hakutufokea. Alisema tu kwamba chuma kikiingia jichoni hutafutwa siku ileile, kwamba siku ile huenda jicho lingeweza kuokolewa, na akauliza kwa nini hatukusema. Athumani ndiye aliyejibu. Alisema, "Tulikuwa hatujui, daktari."

Hivyo waya ulimjeruhi. Lakini jicho lililiwa na neno langu moja, na yeye akanisitiri na neno lake. Tulirudi nyumbani na tawi letu; waliokuwa harusini walibaki na umeme wao. Bibi yako alilia, akanishukuru kwa kumfikisha mwanawe hospitali. Alinishukuru mbele ya watu. Nikapokea.

Niliuza gitaa. Kikundi kikafa. Athumani akapona, akabaki na kovu, akahamia Tanga, akaoa huko, akaendelea na kinanda chake na jicho moja. Tunapigiana simu, tunaulizana mvua, mazao, wagonjwa. Hatujawahi kulitaja mpaka siku tisa zilizopita. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikakuzaa wewe, ukaja na masikio ya baba yako mdogo na mkono wangu, na Mungu alivyo, ukachagua besi.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija karakana kunicheka. Ulisema nikikaza waya wa breki nageuza uso pembeni kama mtu anayevunja yai asilolijua. Ukawa unaniiga mbele ya wateja, nao wanacheka, nami nacheka. Sasa umejua.

Nasikia mama yako amemaliza kukaanga. Jua limeshuka, limefika kwenye ukuta wa jirani. Sijui kama wewe umeshatoka Mtunda. Ngoja niufunge huu uzi, nikiuacha mpaka urudi utaukuta mezani na utaniuliza.

Nimerudi. Nilifanya hivi, na nakuandikia ili siku ukiwa peke yako ufanye hivihivi. Niliacha nyuzi nyingine tatu zikiwa zimekazwa, nikatoa ule wa zamani peke yake, maana ukizivua zote kwa pamoja shingo inashtuka. Nikapitisha mpya darajani, nikauvuta mpaka kwenye kigingi, nikauongezea kama shubiri. Hapo usikate. Kwanza ukunje, ukunje kabisa uwe kona, kisha ukate mbele ya kona. Ukikata uzi bapa ukiwa umenyooka, ule utepe wa juu unaachia moyo wa ndani na kuteleza, na uzi unakufa hapohapo ukiwa mpya, hautalia tena hata uuombe. Niliupoteza mmoja hivyo zamani. Hauonekani kwa macho kwamba umekufa. Unaukaza, unakazika, sauti haipo.

Kisha nikaukaza. Nusu nusu, nikipumzika. Nyuzi hizi zina mvuto zaidi kuliko zako za zamani, mbao inaguna kidogo, usiogope mguno wa mbao. Ogopa tik. Ukisikia tik, ukiona hata unyuzi umesimama, weka gitaa chini. Simamisha harusi. Watakuzomea, watasubiri. Sijaona harusi iliyokufa kwa kusubiri mpiga besi, na nimeona harusi ikisubiri wali mpaka magharibi. Na akija mtu kukusaidia kusikiliza, mwambie akae nyuma ya gitaa, asikae mbele.

Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yao siku ambayo mtu ana shughuli. Kwa hiyo spika yako haikunifaa. Nikabandika sikio kwenye mbao. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Nilitaka kugeuza uso nikashindwa, maana sikio likiwa kwenye mbao uso hauna pa kwenda. Nikafumba macho tu. Uzi ukapanda, ukafika, ukakaa. Mlio wake ni mzuri, Rukia. Una kina kile cha zamani. Nimekaa nao muda nisioujua, na nimelia, nakuambia kwa sababu nimeshaamua leo nisikufiche kitu.

Shingo nimeiangalia, imevutika kidogo mbele kama nilivyotegemea. Nimegeuza kile chuma cha ndani ya shingo kinachoinyoosha, robo mzunguko. Tanga hewa yao nayo ni ya chumvi, shingo itaendelea kucheza wiki mbili tatu. Wewe utageuza robo nyingine ukiona nyuzi zimenyanyuka, usizidishe, na usimpe mtu ashike ule ufunguo wa kukigeuzia kwa sababu tu yeye ni mkubwa kwenye kundi.

Sijui nikuombe nini kuhusu Athumani. Usimhurumie, hapendi. Akiwa upande wake wa kushoto mguse bega kabla hujaongea naye, ndivyo tu. Akikueleza hadithi hii tofauti na nilivyoieleza mimi, mwamini yeye. Atanipunguzia, namjua. Atasema alikuwa amekaa vibaya, atasema waya ulikuwa mbovu. Usikubali anipunguzie.

Bibi yako nitamwambia mimi. Nitaenda Mtunda Ijumaa, baada ya sala. Mama yako nitamwambia leo. Sijui yeyote kati yao atanijibu nini, na sitakuandikia tena barua ndefu ya kujitetea, utasikia kwao.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa, chini ya zile nyuzi za zamani, uione ukiwa umeshapita Chalinze. Ungesoma ukiwa kwenye kiti cha dirishani, mimi niko karakana nimeinamia tairi, na simu nimeizima. Nimeandika karatasi zote hizi nikiwa na nia hiyo. Ningekuwa nimekuambia kabla hujafika, Athumani hana neno, na ningekuwa sijakuona usoni ulipokuwa unasoma. Huko ni kusema tawi kwa mara nyingine.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukifika tu. Nitakaa hapa kitandani karibu na gitaa mpaka umalize. Huna haja ya kuharakisha, na huna haja ya kusema kitu.

Nasikia bodaboda imesimama nje, na mama yako anakuuliza bibi hajambo. Ukiingia usiniamkie kwanza. Soma. Shikamoo yako utanipa ukishamaliza, kama bado utaona ni yangu.

Baba yako